Simu Yangu Ikiita, Ndugu Zangu Wanashtuka

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 46, mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto saba, na ninaishi Dar es Salaam. Kwa kuwa nyumbani ni Lushoto na wadogo zangu wamesambaa Mtwara, Dodoma na Mombasa, mgonjwa yeyote wa ukoo wetu anayepewa rufaa ya kuja mjini hufikia kwangu. Mimi ndiye ninayempeleka hospitali, ninayempelekea uji asubuhi, na ninayeitwa pembeni na daktari mambo yanapoharibika. Hivyo ndivyo nilivyojikuta, bila mtu yeyote kuniteua, kuwa mpeleka habari za misiba. Mwaka 2019 niliwapigia simu ndugu zangu kuwaeleza kwamba baba amefariki. Baadaye ikawa shangazi, kisha shemeji yangu, na mwezi Machi mwaka huu mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 9.

Sasa jina langu likitokea kwenye simu zao, wanashtuka. Mdogo wangu wa Dodoma hapokei; huniandikia kwanza ujumbe, "Dada, kuna nini?", na mpaka nimjibu kwamba hakuna jambo ndipo anapiga. Juzi nilimpigia mama mdogo asubuhi ili nimwulize bei ya maharage huko nyumbani, nikamsikia akiita majirani kabla hajaitikia salamu yangu.

Linaloniumiza zaidi ni mdogo wangu wa kiume anayeishi Mtwara. Baba alipofariki nilimwambia, "Baba amezidiwa, njoo," kama tunavyofanya siku zote ili mtu asisafiri na msiba peke yake. Alifika Lushoto akiwa na mfuko wa korosho alizomchukulia baba, akashuka kwenye bodaboda, akaona turubai na viti uani. Aliniangalia, akauweka mfuko ule chini mbele ya miguu yangu, na tangu siku hiyo hazungumzi nami zaidi ya salamu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini mimi nimechoka, Mama, na nimeanza kujiuliza kama kweli nina mkosi. Nifanye nini?

Dada Mkubwa, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na jambo la kwanza ninalotaka ulisikie kutoka kwangu ni kwamba huna mkosi wowote. Hata hivyo, sitakwambia kwamba unayoyaona umeyawaza tu, kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa nimekuongezea upweke. Ni kweli wanaiogopa simu yako, na woga huo una chanzo kinachofahamika.

Mwaka 2019, mwaka uleule uliompoteza baba yako, Leslie John wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha majaribio kadhaa yaliyoonyesha kwamba mtu anayeambiwa habari mbaya humchukia kiasi yule aliyemwambia, hata pale inapokuwa wazi kwamba msemaji hakuhusika kwa namna yoyote na kilichotokea, na hata habari yenyewe inapokuwa ndogo kama kukosa fedha kidogo katika mchezo wa bahati nasibu. Ikiwa moyo wa binadamu hufanya hivyo kwa jambo dogo kama hilo, sembuse kwa simu ya saa nane usiku inayosema kwamba baba hayupo tena.

Mimi nililijua hili kabla sijalisoma popote. Nilikuwa muuguzi mshauri mkoani Kagera, mkoa ambamo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapa watu majibu ya vipimo. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza makali ya virusi mwaka 2004. Kabla ya hapo, nilichokuwa nacho mezani kilikuwa karatasi ya majibu, kitambaa safi cha kufutia machozi, na maneno yangu. Benchi lililokuwa mbele ya mlango wangu halikukaliwa na mtu hata siku ambazo wagonjwa wengine walisimama kwa kukosa nafasi. Sokoni, mama mmoja aliyekuwa akiniuzia ndizi kwa miaka alianza kunihudumia harakaharaka huku ameinamisha uso, kwa kuwa aliogopa kwamba akionekana akizungumza nami kwa muda mrefu watu watadhani ninampa majibu yake. Sikumlaumu, lakini jioni hiyo nilikaa jikoni mpaka giza likaingia, nisiwe na nguvu ya kuwasha taa.

Aliyeniokoa alikuwa muuguzi mwenzangu aliyenitangulia kazini. Kila Ijumaa jioni alipita kwangu akaniuliza swali moja tu: "Wiki hii umewaambia wangapi?" Nikimtajia idadi, hakunipa ushauri wala hakunihubiria, alichukua kisu, tukamenya ndizi pamoja mpaka maneno yakanitoka yenyewe. Ninakuuliza wewe, mwanangu, ni nani anayekuuliza swali hilo? Barua yako imejaa watu uliowapigia simu, lakini sikumwona humo hata mmoja aliyekupigia wewe siku ya pili kukuuliza umelalaje. Tafuta mtu huyo, awe rafiki, jirani au mke wa mchungaji, na afadhali awe nje ya ukoo, ili usije ukalazimika kumbembeleza yeye.

Sasa nizungumzie mdogo wako wa Mtwara, na hapa naomba univumilie, kwa sababu sikubaliani nawe kikamilifu. Ninaifahamu desturi ya kusema "amezidiwa" na ninajua kwamba ilizaliwa na huruma, maana safari zetu ni ndefu na hakuna anayetaka ndugu yake aanguke kituoni katikati ya watu asiowajua. Lakini fikiria saa zote alizokaa ndani ya basi kutoka Mtwara, akiamini kwamba baba yake yu hai na kwamba bado kuna nafasi ya kumshika mkono. Korosho zile zinanieleza kwamba alikuwa akijiandaa kumpa baba kitu. Sote tulioishi na desturi hii tumewaona watu wakijua ukweli kwa kuona turubai, na mimi sioni tena kwamba hiyo ni huruma. Uamuzi wa kumficha huenda ulikuwa wa wazee, lakini sauti aliyoisikia ilikuwa yako, na ndiyo maana hasira yote imetua kwako.

Kwa hiyo nenda kwake, au mpigie kama nauli haipatikani, na umwombe radhi kwa jambo hilo moja. Usimweleze desturi wala usimtaje mzee yeyote aliyekushauri. Mwambie kwamba ulimdanganya, kwamba ulimnyima safari ya kumlilia baba yake, na kwamba unaomba akusamehe. Usiombe radhi kwa kuwa mleta habari, maana hilo si kosa, na ukilichanganya na lile la kwanza hatajua unajutia nini.

Misiba mingine itakuja, kwa hiyo afadhali ukoo wenu ujipange mapema. Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kuwapa wagonjwa wa saratani habari ngumu, na mengi yaliyomo yanafaa hata kwenye simu ya familia. Kabla ya kumpigia mhusika, mtafute kwanza mtu aliye karibu naye, mwenzi wake au jirani, afike hapo alipo. Ukimpata mhusika, mwulize yuko wapi na kama amekaa, kwa sababu huenda anaendesha gari au anavuka barabara. Mwulize anafahamu nini kuhusu hali ya mgonjwa, mtangulizie kwamba habari uliyonayo ni nzito, kisha useme neno lenyewe: amefariki. Niliwahi kumsikia ndugu mmoja akisema kwa simu, "Mzee ametutoka," na kijana wa upande wa pili akauliza, "Ametoka ameenda wapi?" Ukishalisema, nyamaza, ubaki kwenye simu hata kama unasikia kilio tu. Nakusihi usiunganishe taarifa ya kifo na hesabu ya michango ya jeneza na gari katika simu ileile. Michango ina watu wake na ina saa yake. Watafiti wale wa Harvard waliona pia kwamba chuki ile hupungua msikilizaji anapotambua kwamba msemaji ana nia njema, kwa hiyo hakuna ubaya kumwambia, "Nimetaka uambiwe na mimi, usije ukaikuta kwenye kundi la WhatsApp."

Kisha gawaneni kazi. Mko saba. Mweleze mmoja au wawili, nao wawaeleze wengine, na kila shangazi na mjomba awe na mtu wake anayejulikana. Ukilipendekeza hili baadhi watakwambia kwamba wewe ndiye mkubwa na umezoea. Wajibu kwamba hujazoea. Na siku za kawaida endelea kupiga simu zako za maharage, tena mara nyingi kuliko zamani, ukitanguliza ujumbe mfupi wa "salamu tu" kwa wale wenye mshtuko. Mama mdogo atachukua muda, lakini akishapokea simu ishirini za bei ya maharage hataita majirani.

Nimeacha jambo moja ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote. Umeandika kwamba mwaka 2019 uliwapigia ndugu zako kuwaeleza kwamba baba amefariki. Hukuandika nani alikueleza wewe, wala ulikuwa umesimama wapi, wala kama kulikuwa na mtu wa kukushika. Nadhani ulikuwa ukumbini hospitalini, simu mkononi, na daktari alipomaliza kusema tayari ulikuwa unatafuta namba ya kuanza nayo. Hujaandika popote kwamba ulimlilia baba yako. Chagua siku isiyo na shughuli yoyote, uende Lushoto, umwachie mama mdogo simu yako, ukae kaburini kwa baba muda wote unaoutaka. Mdogo wako akishakusamehe, mwombe mwende wote wawili.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni tabibu kijana katika kituo cha afya mkoani Kigoma. Mwezi uliopita nilimweleza mama mmoja kwamba mwanawe amefariki, na machozi yakanitoka mbele yake. Mkubwa wangu wa zamu alinikaripia mbele ya wenzangu, akisema nimeiaibisha taaluma. Je, nilikosea?

Tabibu Kijana, Kigoma

JIBU: Marahaba. Hukukosea kutokwa na machozi. Ninachotazama mimi ni nani aliyembembeleza mwenzake: iwapo mama yule alibaki kuwa ndiye anayeshikwa mkono na kupewa kiti, machozi yako hayakumdhuru, na huenda yatakuwa mojawapo ya mambo atakayoyakumbuka kwa shukrani. Kama yeye alilazimika kukutuliza, basi safari nyingine mwachie muuguzi kwa dakika mbili, utoke, unawe uso, kisha urudi. Kukaripiwa mbele ya wenzako, tena saa ileile, kulikuwa kosa la mkubwa wako, na kama una mtu mwingine unayemwamini kazini, mweleze yote mawili, kifo na karipio, kabla hujaingia zamu nyingine.

Nina ombi moja kwako. Wengi wetu tukishasema neno lile gumu tunaondoka upesi, kwa sababu hatuwezi kuutazama uso ule tena, na mzazi hubaki na maswali ambayo hakuyapata mwanzoni: aliumia sana, aliniita, ningemleta jana angepona? Rudi kwake baada ya saa moja, kabla hawajaondoka na mwili. Mpelekee maji ya kunywa, vuta kiti, ukae upande wake wa karibu, na usitazame saa.