Ukungu wa Marsabit: barua kwa mwanangu anayesomea urubani

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta Jumapili nikitoka kanisani, nikausoma nimesimama njiani. Unasema wiki ijayo mkufunzi wako atakupeleka kuruka milimani kwa mara ya kwanza. Kisha unaniuliza: "Mama, ndege nzima, yenye marubani wa jeshi, inagongaje mlima ambao uko kwenye ramani?"

Najua unauliza ndege gani: ile iliyogonga mlima wetu hapa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2006. Siku ile ulikuwa na miaka sita, nikakufungia ndani, nawe ukawa unachungulia dirishani ukitaka kujua mbona watu wazima wanalia barabarani. Sikukujibu. Acha nikujibu leo.

Nianze na mlima wenyewe, maana uliondoka hapa ungali mdogo. Marsabit ni kisiwa katikati ya jangwa. Kule Chalbi na Dida Galgalu jua linachoma utosi, na huku juu asubuhi tunavaa sweta. Upepo wa Bahari ya Hindi husafiri nyika yote bila kizuizi. Ukifika kwetu hupandishwa na mlima, hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu. Wingu hilo ndilo linalotulishia msitu, ndilo linalootesha zile ndevu kwenye miti ulizokuwa ukizivuta. Kwa hiyo rubani anaweza kutoka Nairobi, jua likawaka njia nzima, akakuta palipofunikwa ni pale pale anapotaka kutua.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 10 Aprili 2006, wiki ya kuelekea Pasaka. Mwaka uliotangulia, mwezi Julai, kijiji chetu jirani cha Turbi kilikuwa kimevamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wakiwemo watoto wa shule. Tulikuwa tunaogopana hata sokoni. Ndege ile ilikuwa inatuletea wapatanishi. Ilikuwa Harbin Y-12 ya Jeshi la Wanahewa, ya injini mbili, ikiwa na watu 17. Ndani walikuwemo Bonaya Godana, Guracha Galgallo, Abdi Sasura na Titus Ngoyoni, wabunge wa huku kwetu, pamoja na Mirugi Kariuki, mbunge na waziri msaidizi, na Askofu William Waqo. Viongozi ambao jamii zao zilikuwa zimemwagiana damu walikubali kupanda ndege moja. Hilo peke yake, mwanangu, lilikuwa muujiza kwetu. Ndege iligonga mlima katika hali mbaya ya hewa ikijaribu kutua. Watu 14 walikufa. Wabunge wote watano wamo.

Sasa swali lako. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwauliza marubani wanaotua hapa, na jibu lao nimelishika. Ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa inakata zaidi ya mita 50 kila sekunde. Ukungu ukikuachia mita 200 za kuona, una sekunde zisizotimia nne za kuutambua mlima, kushtuka, kuvuta usukani, na ndege yenyewe kuitikia. Kipimo cha kimo kinakwambia uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Hakikwambii mlima ulioko mbele umeinuka kiasi gani. Na mwili hudanganya. Ndani ya wingu sikio, ambalo ndilo hushika mizani ya mwili, linaweza kukuapia kwamba mko sawa, kumbe bawa moja limelala. Haihitaji injini kuzimika. Ramani ni ya kweli na mlima haujahama. Kinachokosekana ni kujua wewe uko wapi juu ya ramani hiyo, dakika hiyo.

Wala si Marsabit tu. Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda, zikielekea Somalia, ziliangukia Mlima Kenya, wanajeshi saba wakafa. Ya nne katika msafara uleule ilitua Garissa salama. Na Juni 2021 askari wetu wasiopungua 10 walikufa helikopta yao ilipoanguka Oltepesi, Kajiado, wakiwa mazoezini. Nakutajia hiyo kwa sababu wewe mwenyewe uko mazoezini, na nisingependa neno hilo likulegeze.

Siwahukumu marubani wa siku ile. Sikuwa kwenye viti vyao. Ila nilikuwa mjini, na najua jinsi tulivyowangoja. Wazee walikuwa wameshuka kutoka manyatta za mbali, wengine wamelala njiani, na amani yenyewe tulidhani iko ndani ya ndege ile. Ningekuwa rubani, ningesikia uzito wa watu wale wote ukinivuta chini. Nawe utausikia siku utakapombeba mkubwa mwenye haraka, au mgonjwa, au mwenzako anayefikiri kugeuza ni woga. Ninaogopa hapo kuliko ninavyoogopa injini.

Mwulize mkufunzi wako, kabla hamjaruka, mtageuzia wapi wingu likishuka. Muulize hata kama wenzako watacheka. Kisha uniandikie amekujibu nini.

Na siku utakapoletwa na kazi huku nyumbani, ukatazama chini ukaona nyeupe tupu, rudi Nairobi. Nitakuwa uwanjani na chupa ya chai. Nitaibeba nirudi nayo nyumbani, na kesho yake nitapika nyingine.

Mama yako