Uliza Mwalimu: Pepa yangu imerudi, juu wameandika "pana mno"

Safari hii maswali karibu yote yametoka kwa wanafunzi, nadhani ndo msimu wa asainimenti huko vyuoni. Nimechukua matatu. Yule wa Mwanjelwa anayetaka kujua bei ya kuandikiwa pepa nzima, sina bei mdogo wangu, njoo na swali.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sosholojia mwaka wa pili hapa Iringa. Tulipewa pepa ya kurasa 8 kuhusu tatizo la kijamii linalogusa huduma za afya, mimi nikaandika "Changamoto za Sekta ya Afya Tanzania", nikaweka kila kitu humo, upungufu wa watumishi, dawa, barabara mbovu, imani potofu, rushwa. Imerudi na wino mwekundu juu, "pana mno, andika upya", nimepewa wiki mbili. Rafiki yangu anasema niandike UKIMWI Njombe maana takwimu zipo za kutosha. Sijui hata nianzie wapi. (Mwanafunzi, Kihesa)

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo lekchara kakuhurumia kukupa wiki mbili, maana kichwa kama hicho nimesahihisha miaka kumi na moja na kila mwaka kinarudi, ni kama ukurasa wa kwanza wa madesa ya mtu fulani ambao unarithishwa. Kurasa 8 ukizigawa kwa changamoto tano, kila moja inapata ukurasa mmoja na kitu, utasema nini pale cha maana?

Ya rafiki yako si mbaya ila ina mtego. Utafiti wa VVU wa 2022-23 ulionyesha Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6 kwa watu wazima, wakati taifa zima ni 4.4. Wanafunzi wakiiona hiyo 12.7 wanakimbilia kuandika kwamba watu wa Njombe wanaambukizana sana kuliko wote, sasa hapo ndo unaanguka, kwa sababu hiyo namba inahesabu wote wanaoishi na virusi, wa juzi na wa miaka ishirini iliyopita. Mtu akitumia ARV vizuri haendi kaburini, anabaki kwenye hesabu. Kwa hiyo asilimia inaweza kukaa juu hata kama maambukizi mapya yanapungua. Kama huwezi kutenganisha hayo mawili kwenye aya ya kwanza, achana nayo.

Mi ningekuwa wewe ningeandika kitu kilichopo hapo hapo ulipo. Udumavu. Kwenye utafiti wa afya wa 2022 Iringa ndo ilikuwa ya kwanza nchini, asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati ule wa 2015-16 ilikuwa kama 42. Sasa angalia taifa, lilishuka kutoka 34 mpaka 30. Yaani nchi inashuka sisi tunapanda, na sisi ndo tunaoitwa ghala la chakula, mahindi yetu, maharage yetu, viazi vinapakiwa malori kwenda Dar kila siku. Swali lako si limeshajiandika hapo? Kwa nini mtoto adumae kwenye nyumba yenye mahindi darini?

Ila usiende na jibu mfukoni. Wengi wanaandika "akina mama hawana elimu ya lishe" wanafunga. Nenda Kilolo au Mufindi, kaa kwenye kaya moja siku nzima uangalie saa. Saa kumi na mbili mama yuko njiani kwenda shamba, mtoto wa mwaka na nusu kabaki na dada yake wa miaka tisa na sufuria la uji uliopikwa alfajiri, mpaka saa nane uji ni ule ule, umeganda. Maharage yapo ndani lakini yanataka kuni na saa mbili za moto, nani atayapika? Na yale mazuri ndo yameuzwa kulipa ada na mbolea. Huyo mama muulize kuhusu lishe atakutajia makundi ya chakula yote bila kukosea, kliniki wamemfundisha. Elimu anayo, muda ndo hana. Hiyo ndo hoja ya kurasa 8, na inaweza ikakataa ukifika kwenye kaya ya pili, andika pia kwamba imekataa.

Halafu usichanganye maneno. Udumavu ni kimo kuwa kifupi kwa umri, ukondefu ni uzito mdogo kwa kimo, ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yake mazuri tu na bibi akamsifia kanenepa. Nimeshaona pepa ina takwimu za udumavu na maelezo ya mtoto aliyekonda mbavu nje, nikajua huyu hajaona kadi ya kliniki hata moja.

Kingine, lugha. Utahoji kwa Kiswahili, pengine utaanza na salamu ya "kamwene" na bibi atakujibu Kihehe, halafu pepa unaandika Kiingereza. Ukikutana na neno kama kubemenda usilitafsiri kuwa utapiamlo ukasonga mbele. Anayesema mtoto kabemendwa anasema wazazi wamevunja mwiko wa kulala pamoja, au mmoja katoka nje, mtoto angali ananyonya, kwa hiyo mama mwenye mtoto wa hivyo anaona aibu kumpeleka kliniki kwa sababu watu watamwangalia yeye na si mtoto. Hapo kuna sosholojia yako yote, ukitafsiri inapotea. Liache neno kama lilivyo, lieleze kwa sentensi mbili.

Na usitokee tu kijijini na daftari. Barua ya utambulisho ya chuo, halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Inachosha, najua, anza Jumatatu.

Swali: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa uuguzi Mbeya, nilikuwa fildi wodi ya wazazi. Kuna mama alikuja na uchungu hana vifaa, akaambiwa aende akanunue kwanza. Iliniuma sana. Nataka kuiandika kwenye pepa, wenzangu wanasema nitaje hospitali na tarehe ili iwe na nguvu. (Mwanafunzi, Uyole)

Jibu: Pole mdogo wangu, hicho kitu hakitoki kichwani haraka. Iandike, ila hospitali usiitaje, wala tarehe, wala "mama wa miaka 19 kutoka kata fulani", maana mji huu ni mdogo na huyo mama ana majirani. Uliingia ile wodi kama mwanafunzi wa uuguzi, ulichokiona kitandani si chako. Kadi yake usipige picha, faili usilifungue kwa ajili ya pepa, na ukitaka kuhoji wagonjwa kweli kweli ni lazima kibali cha maadili ya utafiti kwanza.

Nguvu ya pepa haiko kwenye jina. Uchangiaji wa gharama hospitali za serikali ulianza 1993, na sera ikaweka msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza. Basi kwenye karatasi yule mama hadaiwi kitu. Wodini anaambiwa glovu, pamba, mpira, wembe. Hapo katikati kumetokea nini? Ndo pepa yenyewe hiyo. Msamaha ukitolewa bila hela ya kuujazia, kituo kinabaki na stoo tupu, na nesi aliye zamu ndo anayesimama mlangoni kutamka ile sentensi mbaya. Usimfanye nesi kuwa adui kwenye pepa yako, mwakani ni wewe. Ukimaliza hapo gusa sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023, uulize kama kadi mkononi itajaza ile stoo. Mimi nina wasiwasi wangu, ila ni pepa yako.

Swali: Mwalimu nilitumia ChatGPT kupata rejea, ikanipa 12. Lekchara amezitafuta kapata tatu tu, ananiambia nimeghushi. Mi sijaghushi jamani! (Mwanafunzi, Tunduma)

Jibu: Hujaghushi, umeghushiwa, ila jina lililoko juu ya pepa ni lako. Hiyo programu inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, kwa hiyo inaweza kukutungia jina la mwandishi, mwaka na jarida vikafanana kabisa na vya kweli, na makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Nenda kwa lekchara leo, mwambie ukweli ulivyokuwa, usingoje barua. Halafu kaa chini, rejea moja moja, gugo kichwa chake kizima. Ikitokea ifungue uisome, angalau muhtasari wake. Isipotokea popote ifute, na ile sentensi yako iliyokuwa imeiegemea nayo ifute.