Mswaki wa mtoto kwa mgonjwa wa mashine

Miaka yangu ya mwanzo ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kumsafisha kinywa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia ilikuwa kazi ya dakika mbili. Gozi (kile kitambaa chepesi cha kusafishia vidonda), dawa ya kusukutulia, unapitisha kwenye midomo na meno ya mbele, unasaini fomu, unahamia kitanda kingine. Saini zangu hazikukosa.

Mpaka binti wa mgonjwa mmoja aliponiuliza, "Sista, mama anapigwa mswaki kweli? Mbona kinywa kinanuka?" Nikachukua tochi nimwonyeshe kwamba tunasafisha. Kule juu kwenye kaakaa, nyuma ya mrija wa kupumulia, kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu kama ukoko wa uji. Nilizima tochi kwa aibu.

Mgonjwa yule hamezi, mdomo uko wazi saa zote, mate yanakauka na bakteria wanajijengea kwenye meno na ulimi. Uchafu huo unashuka, unatuama juu ya kile kiputo cha hewa kinachoziba pembeni mwa mrija, halafu unapenya kidogo kidogo kwenda mapafuni. Nimonia nyingi zinazozuka baada ya saa 48 kwenye mashine huanzia hapo.

Siku hizi natumia mswaki laini wa mtoto, mara mbili kwa siku. Gozi haing'oi utando, inaupaka maji tu. Klorheksidini, dawa ya kusukutulia tuliyokuwa tukiiamini sana, mwongozo wa Marekani wa 2022 unasema tuiache, tubaki na mswaki. Nami sijaikumbuka.

Kabla ya mswaki, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, pima shinikizo la kiputo liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, kisha nyonya mate yote kwa sakshen, mashine ya kunyonya. Ukisugua kabla ya kunyonya, unayasukumia chini wewe mwenyewe. Soma namba ya mrija kwenye meno, inayoonyesha umeingia sentimita ngapi, kabla na baada. Na muwe wawili, mmoja kashika mrija. Usiku mmoja nilijifanya naweza peke yangu. Mgonjwa akakohoa, mrija ukateleza kutoka 22 hadi 25, ukaingia upande wa pafu la kulia, oksijeni ikaanza kushuka. Tuliurudisha kwa wakati, lakini miguu ilinitetemeka hadi asubuhi.

Sugua meno pande zote, fizi, ulimi, kaakaa, huku unanyonya. Ukimaliza, hamishia mrija kona nyingine ya mdomo, maana midomo inachubuka vibaya, kisha paka mafuta. Mwenye damu isiyoganda vizuri, hapo ndipo gozi ina kazi yake.

Na umsemeshe, hata kama amelazwa usingizi kwa dawa. Mimi huanza na "Shikamoo mama, naomba nikupige mswaki." Wenzangu walinicheka, mpaka bibi mmoja, siku mrija wake ulipotolewa, aliponiambia kwa sauti iliyokauka: "Wewe ndiye wa shikamoo."