Wikendi kwenye tamasha la muziki la uwanjani: yaliyonikosha na yaliyoniudhi

Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote kwenye bango ndilo lililoniangusha. Bendi iliyobanwa chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, ndiyo ninayoisikiliza hadi leo. Kwa hiyo kama unataka kununua tiketi ya tamasha la nje la wikendi nzima kwa sababu ya msanii mmoja tu, subiri kidogo.

Nianze na huyo msanii mkuu, nimalizane naye. Alichelewa kupanda jukwaani. Kwenye ukumbi wa ndani kuchelewa huvumilika, kwani mara nyingi shoo husogezwa mbele na watu wakapata nyimbo zao zote. Uwanjani ni tofauti. Tamasha la nje kwa kawaida hupewa kibali chenye saa ya mwisho ya kelele, na saa hiyo ikifika mitambo inazimwa hata kama mwimbaji yuko katikati ya ubeti. Dakika alizochelewa zilitoka kwenye nyimbo zetu. Na hizo chache zilizobaki, nusu aliimba, nusu aliiachia rekodi. Mara kadhaa kipaza sauti kilikuwa kiunoni na sauti inaendelea tu. Waliokuwa mbele waliona. Wa nyuma walifurahi, na sikuona sababu ya kuwaharibia raha yao.

Ila hata angewahi na kuimba kwa pumzi yake mwenyewe, wa nyuma kabisa wasingemsikia vizuri, na hilo si la kumlaumu yeye. Uwanja wa wazi una tabia zake. Hewa ikiwa na nyuzi joto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani unaona fimbo ya mpiga ngoma ikigonga, halafu mlio unakufikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Ndiyo maana matamasha makubwa huweka minara ya spika katikati ya uwanja: mafundi huichelewesha makusudi ili sauti yake itoke sambamba na ile inayowasili kutoka mbele. Ikipangwa ovyo, kila neno unalisikia mara mbili. Upepo nao huchezea zaidi sauti nyembamba, basi mwimbaji na matoazi wanakuja na kupotea huku besi imetulia palepale. Ukizidi kurudi nyuma, hewa yenyewe hufyonza sauti nyembamba haraka kuliko nene, na mwishowe unabaki na besi inayodunda tumboni, bila kujua wanaimba nini.

Joto pia limo. Mchana ardhi ikipata moto, hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, na sauti hupinda kwenda juu ikawapita watu wa nyuma vichwani. Usiku ardhi ikipoa, mambo hugeuka: sauti hupinda kurudi chini na kufika mbali. Sehemu iliyokuwa mbaya saa tisa alasiri inaweza kuwa nzuri saa tatu usiku, ukadhani wamebadilisha mafundi.

Sasa ufanyeje? Tafuta kibanda cha fundi sauti, kile kijukwaa chenye paa kinachotazamana na jukwaa kuu, chenye meza ndefu iliyojaa vitufe. Anayechanganya sauti yuko pale, na anachanganya kwa masikio yake mwenyewe. Nilimuuliza mmoja wao wakati wa mapumziko, akanijibu kwa kifupi: “Dada yangu, ukitaka kusikia ninachosikia mimi, simama ninaposimama mimi.” Basi simama mbele yake kidogo, au ubavuni. Nyuma ya kibanda usikae, kinaziba. Na kama besi inakukaba kifua, sogea pembeni hatua kadhaa. Spika za besi zikiwekwa kushoto na kulia mwa jukwaa, mawimbi yake huongezeana nguvu kwenye mstari wa katikati ya uwanja. Ukitoka kwenye mstari huo unapata nafuu.

Najua wengi wenu mtakimbilia uzio wa mbele. Uso wa msanii mtauona, sikatai. Lakini spika kubwa zimening'inizwa juu na zimelenga nyuma yenu, kwa hiyo mnachopata ni besi za chini, ngoma zenyewe, na chochote kitakachotoka kwenye vispika vya ukingoni. Isitoshe, ukishaupata uzio huwezi kwenda hata chooni. Kwangu mimi hiyo ni bei kubwa mno kwa kuona jasho la mtu.

Yaliyonikosha karibu yote yalitokea mchana, wakati nusu ya watu walikuwa bado wamelala kwenye mahema. Ile bendi ya herufi ndogo ilikuwa na watu watatu: gitaa, besi, na binti mmoja kwenye ngoma. Hakukuwa na skrini wala moshi. Katikati ya wimbo uzi wa gitaa ukakatika. Mpiga besi na mpiga ngoma hawakusimama. Walishika mzunguko uleule, wakaushusha hadi ukawa unasikika kwa shida, wakaanza kuupandisha taratibu, na mwenye gitaa aliporudi na uzi mpya alikuta wimbo umeshakuwa mwingine. Akaufuata huo. Watu waliokuwa wanapita njia wakasimama. Hakuna aliyetoa simu, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kinachoendelea ni nini.

Wasanii wadogo wa mchana wana sababu ya kupiga vizuri. Wamepewa muda mfupi, nyimbo wamezichagua kwa uchungu, na mbele yao wana watu wasiowajua ambao wanaweza kuondoka dakika yoyote. Msanii mkuu ameshalipwa na mashabiki wake wameshapenda. Halafu jukwaa dogo spika zake ziko karibu nawe, kwa hiyo yale ya upepo na joto niliyoyataja hapo juu hayana nguvu kubwa.

La pili lililonikosha halikuwa hata kwenye ratiba. Kundi la matarumbeta lilianza kutembea katikati ya watu, kutoka upande wa mahema kwenda jukwaa la mbali, na watu wakalifuata. Hakukuwa na umeme, spika, wala fundi wa kulaumiwa. Ukitaka sauti kubwa unasogea, ukitaka ndogo unabaki nyuma. Nilikuwa naelekea kumwona mtu niliyempangia wiki nzima, nikamwacha.

Hapo ndipo ushauri wangu kuhusu ratiba unapotoka. Chagua wawili kwa siku ambao hutaki kuwakosa kabisa, na saa zilizobaki ziache wazi. Ratiba za matamasha zenyewe hazina uaminifu. Kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, Richie Havens ndiye aliyefungua kwa sababu wasanii wengine walikuwa wamekwama kwenye foleni ya magari. Akaambiwa aendelee, aendelee, mpaka akaishiwa nyimbo, akabuni mmoja palepale jukwaani, na huo ndio ukaja kumtambulisha duniani. Jimi Hendrix, jina kubwa kuliko yote, alipanda Jumatatu asubuhi, Agosti 18, wakati sehemu kubwa ya umati ulikuwa umeshaondoka. Tamasha lilikuwa limepangwa kuisha Jumapili.

Kitu kimoja kwenye ratiba lakini kikague mapema, tena ukiwa na ramani mkononi: nani anapiga wakati uleule kwenye jukwaa la jirani. Kulikuwa na mwimbaji mwenye gitaa moja tu, sauti yake nyororo, nyimbo za kusikiliza umeshika tama. Ng'ambo, DJ. Kila alipovuta pumzi, besi ya jirani iliingia kwenye ile nafasi. Alijitahidi hata kutania kwamba leo amepewa mpiga ngoma wa bure, watu wakacheka, lakini nyimbo tatu za mwisho zilipotea kabisa. Mpangaji wa ratiba ndiye aliyemwonea. Ukiona msanii mpole amewekwa sambamba na kelele, kaa upande wa jukwaa ulio mbali na hizo kelele na usogee karibu kadiri inavyowezekana, au mtafute siku nyingine kwenye ukumbi wa ndani. Na wewe unayepiga soga kwa sauti wakati wa wimbo wa polepole, baa ipo, nenda kakae huko.

Masikio. Wengi hulipuuza hili mpaka usiku wanapolala na mvumo unaendelea kichwani. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unasema desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni za kuvumilia saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Fanya hesabu: ukifika desibeli 100 umebaki na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kumbi na matamasha yasizidishe wastani wa desibeli 100, maana yake hata tamasha linalofuata pendekezo hilo linakumaliza muda wako kabla bendi ya kwanza haijashuka. Vaa vizibo vya masikio. Vile vya sponji vinasaidia ila vinaufunika muziki kama blanketi, kwa kuwa vinakata zaidi sauti nyembamba. Tafuta vile vyenye kichujio wanavyotumia wanamuziki wenyewe. Vinapunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, na maneno ya nyimbo bado unayasikia vizuri. Kati ya vyote nilivyobeba, hivi ndivyo visingeachwa nyumbani.

Umati nitausema bila utani. Msongamano wa tarehe 30 Juni 2000 uliua watu tisa kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, na Novemba 2021 wengine kumi wakafa kutokana na msongamano kwenye tamasha la Astroworld, Houston. Ajali za namna hii watu huzifikiria kuwa ni za kukanyagana. Mara nyingi mtu hufa amesimama, kifua kimebanwa hadi pumzi haiingii. Watu wakizidi watano hivi kwenye mita moja ya mraba, umati huanza kuyumba wenyewe na wewe huchagui tena pa kwenda. Dalili ya mapema ni hii: ukishindwa kuinua mikono hadi usoni bila kumgonga mtu, toka. Usingoje wimbo uishe. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia upate nafasi ya kupumua, wimbi likikusukuma usishindane nalo, likitulia songa kwa mshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache. Nililiona hili likianza kujengeka usiku wa msanii mkuu, kabla hajafika, watu wa nyuma wakisukuma kwa hasira ya kusubiri. Nikarudi nyuma. Kule kwenye kibanda cha fundi kulikuwa na nafasi ya kucheza.

Mvua ilikuja, na matope yakaja nayo. Mabuti ya mpira na koti la mvua, basi. Mwavuli ni uadui kwa walio nyuma yako. Radi ndiyo ya kuogopa, kwa sababu muziki ukiwa unapiga ngurumo huisikii, kwa hiyo tazama anga. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, uko ndani ya eneo la hatari. Hema halikukingi, wala paa la jukwaa. Gari lililofungwa vioo au jengo lenye kuta ndiyo mahali pa kwenda, na kaa humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Waandaaji walisimamisha muziki na watu wakawazomea. Mimi niliwapigia makofi.

Simu haitashika mtandao jioni, watu wote wako kwenye minara ileile ya simu. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya pale ambapo kupiga kumeshindikana. Bora zaidi mpatane mapema mahali na saa, na msiseme “tukutane kwenye jukwaa kuu,” kwa sababu hapo ndipo kila mtu aliposema. Vyoo: nenda wakati msanii anayependwa yuko katikati ya shoo yake, foleni haipo. Maji kunywa kabla ya kiu. Usingizi usiutegemee.

Kuhusu tiketi ya wikendi nzima au ya siku moja, msimamo wangu ni huu. Kama utalala hapohapo na Jumatatu huna kazi, nunua ya wikendi, kwa kuwa faida yake iko kwenye zile saa za mchana. Kama utakuwa unakwenda na kurudi, utafika jioni umechoka, utakuta majina makubwa tu, na utakuwa umelipia siku nzima kwa ajili ya sehemu yake mbovu zaidi. Chukua siku moja, soma majina ya chini ya bango, sikiliza nyimbo mbili tatu za kila mmoja kabla ya kuamua siku ipi, kisha fika geti likifunguliwa. Huyo wa herufi kubwa ukitaka kumwona kweli, msubiri atakapopiga peke yake ukumbini, ambako akichelewa utamdai nyimbo zako zote.