Barua za Wasomaji: Bweni, Chumba cha Kupanga na Mambo Yasiyosemwa Mapema

Vyuo vinapofunguliwa, barua nyingi zinazotufikia huhusu mahali pa kulala, wala si masomo. Tumezijibu tano za wasomaji wa Nakuru, Kisumu na Kakamega. Majina ya waandishi na ya vyuo vyao tumeyaacha.

Kwako Mshauri,
Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja huku Njoro, na ninaishi bwenini na wenzangu watatu. Kanuni zinakataza kupika chumbani, lakini kila jioni wenzangu hutumia koili kuchemshia maji ya ugali na mayai. Tangu baridi izidi, mmoja wao ameleta jiko la makaa, analolikoka nje kisha kuliingiza ndani tukiwa tayari kulala. Nikinyamaza, naogopa kuadhibiwa pamoja nao. Nikisema, nitaitwa msaliti. Isitoshe, sina pesa za kula mkahawani mara tatu kwa siku.
*Mwenye Njaa na Hofu, Njoro*

Jibu: Mwanangu, umeleta mambo matatu kana kwamba yana uzito sawa. Tuanze na jiko, kwa sababu hilo halingoji kesho.

Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hakuna anayebisha kwamba usiku wake ni wa baridi, lakini makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na damu kwa nguvu kubwa mno kuliko oksijeni, hivi kwamba mtu aliyelala huweza kufa bila kukohoa wala kuamka. Kulikoka jiko nje hadi moshi uishe hakuondoi hatari hiyo, kwa maana makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kuitoa hewa hiyo hiyo. Kufungua dirisha nusu si kinga ya kutegemewa. Iwapo mmoja wenu ameamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje penye hewa safi na mumpeleke hospitalini. Mwambie mwenye jiko leo, mbele ya wenzenu wote, kwamba halitalala ndani tena, na akikataa, mwone msimamizi wa bweni usiku huo huo. Kumwokoa mtu na kifo si usaliti, hata kama wiki mbili zijazo hatakusalimu. Blanketi la pili na soksi nzito hugharimu pesa kidogo, na hata mtumba wa sweta sokoni utafaa.

Koili nayo ina hesabu yake, ambayo ni vyema wenzako waifahamu badala ya kudhani kwamba kanuni iliwekwa ili kuwatesa. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na soketi ya kawaida hubeba ampea 13, yaani wati 3,120 hivi. Koili moja yenye wati 1,500 haiishindi soketi hiyo. Hata hivyo, soketi za vyumba kadhaa mara nyingi huchota umeme katika saketi moja ukutani, na vyumba vitano vikichomeka koili za wati 1,500 saa moja jioni, mzigo unafika wati 7,500 kabla ya kuhesabu pasi na taa. Swichi kuu ikiwa nzima, itajikata na bweni zima litabaki gizani. Ikiwa imechezewa na fundi wa mtaani, nyaya ndizo zitakazopata moto, na zitaungua ndani ya ukuta mahali msipopaona. Ekstensheni nyembamba ya bei rahisi, iliyoviringishwa chini ya kitanda na kufunikwa na nguo, ni hatari zaidi ya koili yenyewe. Na kama kuna mtu ambaye hujaribu joto la maji kwa kidole koili ikiwa bado imewashwa, mwombe aache leo, maana koili iliyopasuka hupitisha umeme moja kwa moja ndani ya maji.

Sasa njaa. Muulize msimamizi kama bweni lina jiko la pamoja, kwa kuwa baadhi ya mabweni yana chumba cha kupikia ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza huondoka bila kukijua. Kama halina, panga mlo mmoja mkubwa wa kununua kila siku, mchana ikiwezekana, kwenye mesi ya chuo au kibanda ambacho umekiona kikiosha vyombo kwa maji safi, kisha asubuhi na jioni ujaze kwa vyakula visivyohitaji moto: mkate, ndizi, parachichi, njugu, maziwa ya pakiti. Ndugu wanne wanaochangia mkungu wa ndizi hula kwa pesa kidogo kuliko mmoja anayenunua ndizi mbilimbili. Kuhusu adhabu, kanuni nyingi humhesabu kila mwenye chumba kuwa mhusika kitu kilichokatazwa kinapopatikana ndani, kwa hiyo ukimya wako haukulindi.

Kwako Mshauri,
Ninasoma Maseno. Mwenzangu wa chumbani amemleta rafiki yake aliyekosa nafasi ya bweni, na sasa huyo pairati ana wiki tatu. Analala kitanda kimoja na mwenzangu, anatumia sabuni yangu, na wakati wa usiku huwa na wageni wake pia. Mwenzangu anasema nina roho mbaya. Je, ni kweli?
*Mwenye Roho Mbaya, Maseno*

Jibu: Huna roho mbaya. Una kitanda ulichokilipia na chumba kilichopangwa kwa watu wawili, na sasa kina watatu pamoja na wageni wa mgeni. Nakiri kwamba suala hili haliko wazi kama la jiko, kwa sababu mara nyingi pairati si mhuni; ni mwanafunzi ambaye mkopo wake kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu umechelewa, au ambaye mzazi wake hakupata kodi ya miezi miwili kwa mpigo. Huruma yako ni haki yake kwa muda fulani. Kosa la mwenzako ni kwamba alitoa huruma hiyo kwa niaba yako bila kukuuliza, na bila kutaja mwisho wake.

Zungumza na wote wawili kwa pamoja, mchana, mkiwa mmekaa, na usiongee wakati umekasirika saa sita za usiku. Usianze na sabuni. Anza na tarehe: muulize mgeni ana mpango gani wa kupata chumba, na mkubaliane siku ya mwisho ya yeye kuwa hapo, mkiiandika katika simu ya kila mmoja. Wageni wa usiku wakome mara moja, kwa kuwa kitu kikipotea, hakuna atakayejua amuulize nani. Kama kuna mtihani karibu, litaje jambo hilo, kwani hata mwenzako anahitaji kulala. Tarehe ikipita bila mgeni kuondoka, mwone msimamizi wa bweni na uombe kwa maandishi kuhamishiwa chumba kingine. Ombi la kuhama hukupa unachokitaka bila kumfukuzisha mtu chuoni, na msimamizi mwenye busara ataelewa mwenyewe kwa nini unahama. Ila kama mali yako imeibwa au umetishwa, usiombe kuhama. Piga ripoti kwa walinzi wa chuo na kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi.

Kuhusu sabuni, nunua sanduku lenye kufuli.

Mshauri,
Nimepanga chumba viungani mwa Nakuru kwa sababu bweni limejaa. Maji ya ploti yetu ni ya kisima kirefu, na majirani wengi waliozaliwa hapa wana meno ya kahawia. Nikiyachemsha, yatakuwa salama?
*Mpangaji, Nakuru*

Jibu: Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, ambayo ndiyo inayotia meno rangi. Tena maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa huwa nayo kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kipimo cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yako hayatabadilika rangi sasa, kwa kuwa madoa hayo huingia utotoni wakati meno yanapoumbika, lakini kunywa maji hayo kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Yatumie kwa kuoga na kufua. Ya kunywa, kinga ya mvua kutoka paa safi kisha uyachemshe, au ununue maji yaliyochujwa kwa chujio la mkaa wa mifupa, ambalo hupunguza floraidi.

Kwako Mshauri,
Nimekosa bweni hapa Kakamega na ninatafuta bedsita karibu na chuo, upande wa Lurambi au Kefinco. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anayetaka nimtumie pesa za kuonyeshwa nyumba, pamoja na amana, ili anishikie chumba kabla hakijachukuliwa. Sijawahi kupanga nyumba. Niangalie nini?
*Mgeni wa Mji, Kakamega*

Jibu: Usimtumie chochote. Mtu anayeomba amana ya chumba ambacho hujakanyaga mara nyingi hana chumba, na haraka anayokutia ndiyo mtego wenyewe. Panda boda au tembea kwa miguu, uingie kwenye maploti ukiuliza mtunza nyumba, kwa sababu vyumba vingi vya wanafunzi havitangazwi popote isipokuwa kwa kibao langoni.

Ukipata chumba, kirudie mara ya pili baada ya mvua. Kakamega hunyeshewa karibu kila alasiri katika miezi mingi ya mwaka, na dari inayovuja haiwezi kujificha saa kumi na moja jioni. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, na uwaulize wapangaji, usimuulize mwenye nyumba, ni siku ngapi kwa wiki huwa yanakatika. Uliza kama mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia tokeni. Panapochangiwa, ugomvi hauishi, kwa kuwa kuna mwenye friji na kuna mwenye taa moja. Tazama kufuli la lango na saa ya kulifunga. Pita njia hiyo usiku ukiwa na mwenzako kabla ya kulipa, hasa kama unatoka maktaba saa tatu.

Halafu kuna mkataba, ambao wanafunzi wengi huuona kuwa mambo ya watu wazima. Sheria ya Kudhibiti Kodi, ambayo humpa mpangaji wa makazi kinga kubwa, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na bedsita nyingi za karibu na vyuo zinazidi hapo. Maana yake ni kwamba kinga yako kuu ni karatasi mliyotia sahihi. Hakikisha imetaja kodi, tarehe ya kulipa, kiasi cha amana, masharti ya kuirudisha, na muda wa notisi kwa kila upande. Uliza pia kuhusu likizo ndefu, kwani hapo ndipo pesa nyingi hupotelea: tuseme kodi ni shilingi 5,000, basi mwaka mzima ni 60,000, ilhali masomo yenyewe huenda yakachukua miezi minane au tisa, na miezi mitatu ya kulipia chumba kitupu ni shilingi 15,000. Baadhi ya wenye nyumba hukubali nusu kodi wakati wa likizo, wengine hukataa katakata, lakini hakuna anayekubali akiulizwa mwezi wa mwisho.

Lipa kwa M-Pesa, au ukilipa taslimu udai risiti. Siku ya kuingia, piga picha za kila ukuta, kioo, sinki na kitasa, uzitume kwa mwenye nyumba kwa ujumbe, ili siku ya kutoka usitozwe kwa ufa uliokuwepo kabla yako. Mzozo ukitokea, kwanza barua yenye tarehe, kisha ofisi ya chifu, ambako picha na risiti zako zitakuwa na kazi.

Mshauri, salamu,
Mimi ni mzazi huku Molo. Binti yangu amepata nafasi ya chuo Kisumu na anaingia bwenini mwezi ujao. Nimemnunulia godoro, ndoo na shuka. Jirani ananitisha kuhusu malaria. Nimwandae vipi?
*Mama wa Molo*

Jibu: Mama, jirani yako hakukosea. Eneo la Ziwa Victoria lina malaria mwaka mzima, na binti aliyekulia nyanda za juu hana kinga ambayo mwili wa mkazi wa Kisumu huijenga kwa kuugua mara kwa mara. Neti iwe juu ya orodha, kabla ya shuka: iwe yenye dawa ya kudumu, na iwe ya pembe nne, kwa maana vitanda vya deka havipokei vizuri neti ya duara inayoning'inia kutoka darini. Akiwa kitanda cha chini, ataifunga kwenye fremu ya kitanda cha juu. Akiwa juu, atahitaji misumari minne na ruhusa. Aichomeke chini ya godoro kila usiku, kwa kuwa mbu wa malaria huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri, na aifue kwa sabuni ya kawaida na kuianika kivulini ili dawa isiishe upesi.

Akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo katika zahanati ya chuo, asinunue vidonge vya kubahatisha dukani, kwa sababu si kila homa ni malaria. Akipewa dawa ya kawaida ya malaria, AL (artemether-lumefantrine), ni dozi sita kwa siku tatu, na azimeze pamoja na chakula, azimalize hata kama siku ya pili amepata nafuu.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wa nyanda za juu husahau. Malaria hujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, hivyo binti anaweza kuondoka Kisumu akiwa mzima na kuugulia kwako Molo katikati ya likizo. Daktari wa huko huenda asifikirie malaria haraka, kwa hiyo mwambie mwanzoni kabisa kwamba mtoto ametoka ziwani.