Pima sitaha kwanza, ndipo ununue boti ya mpira

Wengi wanaonunua boti ya mpira ya kushukia pwani kutoka kwenye yoti huangalia bei, kisha ukubwa wa mashine, yaani injini ya kufunga nyuma ya boti, inayoweza kufungwa. Mahali pa kuiweka safarini hufikiriwa mwisho, tena boti ikiwa tayari imeshalipiwa. Kwa anayesafiri pwani yetu, kutoka Kilifi na Mtwapa hadi Tanga, Pemba, Mafia na Kilwa, mambo yaende kinyume. Boti isiyo na mahali pa kulala huishia kuburutwa nyuma, na katika bahari ya kusi boti inayoburutwa haikawii kupotea.

Chukua futi upime kutoka mbele ya mlingoti hadi kwenye winchi ya nanga, kisha upana kati ya reli mbili za pembeni. Upande wa omo, yaani mbele kabisa ya yoti, punguza sentimita 30 hivi, upate pa kusimama ukishusha nanga. Halafu tandaza kamba juu ya sitaha kwa umbo la boti unayoitaka, utembee. Unafika omo bila kukanyaga tyubu? Kile kidirisha cha sitaha cha chumba cha mbele kinafunguka? Hapo ndipo watu hupitiwa. Moto ukizuka jikoni au kwenye injini, aliyelala mbele hana njia nyingine ya kutokea, na wewe umeshamfungia boti juu kwa mikanda. Kama nafasi iliyobaki ni mita 2.5, boti ya mita 2.9 haikufai hata ikiuzwa nusu bei.

Ukiwa na kipimo mkononi, aina za boti hujichuja zenyewe. Yenye sakafu ya vibao vyembamba hukunjika yote pamoja na kuingia stoo, lakini sakafu hulegea na mashine kubwa haiwezi. Sakafu ya upepo wa shinikizo kubwa, ile inayojazwa hadi bar 0.8, ni nyepesi na hukakamaa vizuri. Kwa yoti ya chini ya mita 10 mara nyingi ndiyo jibu. Adui wake ni mchanga: ukiingia kati ya sakafu na tyubu, hukwangua mpira kila boti inapotikisika, na tundu hutokea mahali ambapo kiraka hakifiki. Inua sakafu uisuuze kila unapotoka ufukweni. Sakafu ya vipande vya alumini tunaiacha. Kuiunganisha juu ya sitaha inayoyumba ni kutafuta kubanwa vidole.

Iliyobaki ni boti yenye kitako kigumu, cha fiberglasi au cha alumini. Haikunjiki, ndiyo kasoro yake kubwa, lakini hupasua mawimbi na kubeba mashine ya maana. Kwa pwani hii chagua alumini ikiwa sitaha inaruhusu. Wakati wa bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4: unashuka maji yakiwa yamejaa, unarudi na kukuta mwamba mkavu wenye chaza wakali kati yako na bahari. Fiberglasi ikiburutwa hapo huchunika ganda lake la juu na kuanza kunywa maji. Alumini hupata mikwaruzo tu. Boti ya alumini ya mita 2.7 huwa na kilo 35 hadi 45 bila mashine, watu wawili wanaibeba. Ikizidi hapo mtahitaji magurudumu ya kufunga nyuma. Hayo ni mazuri kwenye mchanga mgumu, ila kwenye tope la mikoko huzama hadi ekseli.

Unene wa tyubu nao una maana kuliko unavyoonekana dukani. Chini ya sentimita 40, vimawimbi vya alasiri vitakulowesha wewe na unga wako. Tena mita 2.7 ni kipimo cha nje; ndani hubaki takriban mita 1.8 za kukalia.

Kuhusu mpira wenyewe, PVC, ambayo ni plastiki, ni nafuu zaidi kwa bei na nyepesi, lakini jua la ikweta huilegeza: kwanza hunata, kisha viungio vilivyogundishwa huachia, na mara nyingi ubao wa nyuma unaobeba mashine ndio unaoanza kubanduka. Hypalon, mpira wa kutengenezwa kiwandani, hustahimili jua kwa miaka mingi zaidi. DuPont waliacha kuitengeneza mwaka 2010, ila mpira wa aina hiyo bado unatengenezwa na viwanda vingine, na wauzaji huendelea kuuita kwa jina lile lile. Ukishindwa bei, nunua PVC ya viungio vilivyochomelewa, siyo vya gundi, na siku hiyo hiyo mpelekee fundi wa maturubai akushonee koti la kufunika tyubu zote. Koti hilo lisivuliwe hata boti ikiwa majini.

Mashine ya hospawa 2.5 ina kilo 14 hivi, unaishusha kwa mkono mmoja, lakini boti itatambaa tu. Watu wawili na mizigo wakitaka boti inyanyuke juu ya maji wanahitaji hospawa 8 au zaidi. Ya 15 ya mipigo miwili, ambayo fundi yeyote wa bandari za wavuvi anaifahamu na spea zake zipo, ina kilo 36 hadi 42. Soma kibati kwenye ubao wa nyuma kabla ya kuifunga. Boti ndogo nyingi za kukunja hazikutengenezwa kuibeba. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 200 za oili katika lita 10 za petroli. Dumu likae nje ya vyumba, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka hadi kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa pale ukisubiri cheche.

Sasa kuipandisha. Toa kwanza mashine, uifunge kwenye ubao wake wa reli ya tezi, yaani nyuma ya yoti. Toa tangi, makasia na kinanga. Funga kamba tatu kwenye pete za boti, mbili za ubao wa nyuma na moja ya omo, zikutane kwenye pete moja ya chuma. Urefu wake ujaribiwe bandarini hadi boti inyanyuke sawa bila kuinama. Pachika henza ya akiba, kamba ya kupandishia tanga, kwenye pete hiyo, mmoja azungushe winchi, mwingine ashike kamba ya kuongozea boti isipige ubavu wa yoti. Ikishavuka reli, ishushe taratibu, ibinue kitako juu. Chini ya tyubu, pale zinapogusa vyuma vya sitaha, weka vipande vya zulia kuukuu. Mikanda miwili ipite juu kwa kukatizana, na kamba ya tatu ivute omo ya boti isisogee mbele. Yote ifungwe kwenye vyuma vilivyokaza sitahani. Zile nguzo nyembamba za reli zisiguswe: bahari ikipanda sitahani na kuisukuma boti, nguzo hung'oka na kuacha tundu la kuvuja. Mikanda ya kukaza kwa wenzo haifai pia, huwa inakaza kupita kiasi na kutu huila upesi.

Kabla ya kuondoka, punguza upepo. Tyubu nyingi hujazwa hadi bar 0.25. Hewa iliyojazwa kwenye nyuzi 25 ikifika nyuzi 60, joto ambalo mpira wa rangi nzito huweza kulifikia ukianikwa juani mchana kutwa, shinikizo hukaribia bar 0.40. Ndiyo maana boti iliyolala sitahani hupasuka viungio adhuhuri ilhali hakuna aliyeigusa. Legeza hadi kidole gumba kibonyee kirahisi. Ukiishusha majini itanywea zaidi kwa ubaridi; ngoja dakika 10 ndipo uongeze upepo, usiongeze ikiwa bado juu.

Mikono ya chuma ya kuning'inizia boti nyuma ya tezi ni raha kwa safari fupi ndani ya mkondo wa Pemba au ghuba ya Chole. Kwa safari ya Shelisheli au Bukini, hapana. Wimbi moja la nyuma linaweza kumwaga mamia ya lita ndani ya boti, na kila lita ni kilo moja inayoning'inia kwenye boliti mbili. Hata kwa safari fupi, kizibo cha chini kiwe kimetolewa na boti ifungwe kwa kukatiza kamba isipembee. Ikianza kupembea, itasaga tyubu kwenye chuma hadi nyuzi za ndani zionekane.

Kuburuta kubaki ndani ya hori na bandari. Mashine itolewe, kamba ziwe mbili kwenye pete mbili tofauti, kwa sababu pete hugundishwa tu na hubanduka. Tumia kamba inayoelea. Hata hiyo, vuta boti hadi ubavuni kabla ya kurudi nyuma ili kukaza nanga: kamba kuingia kwenye pangaboi ni ajali ya kila msimu, na hutokea pale pale pa kutia nanga, mbele ya watu.

Usiku, pandisha boti kwa henza ile ile hadi mita moja juu ya maji, ubavuni, pamoja na mashine kama pete na henza zinamudu. Wizi hupungua, na mwani haupati pa kushika. Funga kwa waya wa chuma uliopita kwenye mpini wa mashine pia; kufuli la boti peke yake huwaachia wezi mashine.

Kiraka kina sharti moja linalowashinda wengi pwani: unyevu. Hewa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 70, gundi ya mchanganyiko wa sehemu mbili hushika juu juu na kuachia baada ya wiki chache. Fanya kazi hiyo saa nne hadi saa nane mchana, kivulini, siku isiyo na mvua. Hypalon ipigwe msasa kidogo tu, hadi mng'ao wake uishe. PVC ifutwe kwa kiyeyushi chake bila msasa. Kila moja ina gundi yake, na ya PVC haishiki kwenye Hypalon. Kata kiraka chenye kona za mviringo kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, paka tabaka mbili nyembamba pande zote, ukiacha ya kwanza ikauke kabisa na ya pili hadi iguswe bila kuchafua kidole. Kandamiza kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje. Acha saa 24 bila upepo.

Kabla ya hayo yote, paka povu la sabuni kwenye valvu. Mara nyingi boti inayonywea haina tundu popote. Ni chembe ya mchanga iliyokalia mpira wa valvu.