Kiwanja cha bondeni Kinyerezi: pima kabla hujatoa hela

Mkuu, umeuliza kuhusu kiwanja cha mita 20 kwa 20 Kinyerezi, Dar es Salaam, upande unaoteremkia Mto Msimbazi. Bei ni karibu nusu ya viwanja vya juu, na dalali anasema ukijaza kifusi mambo yameisha. Hayajaisha. Kifusi kinasaidia pale maji yanapotuama. Mto unaokula kingo zake hauzuiliki kwa kifusi, na sheria haibadiliki kwa sababu umeinua ardhi.

Anza na umbali kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yaani viwanja vitatu vya mita 20 vilivyopangana kutoka mtoni vyote vimo ndani ya katazo, hata kama cha tatu kinaonekana kiko mbali na pakavu. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba mmeuziana, haukupi ruhusa ya kujenga. Nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji uombe kuona mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji ya eneo hilo, kisha lipia mpima ardhi akuoneshe bikoni (alama za mipaka) zilipo. Kama hakuna mchoro wala bikoni, yeye mwenyewe akupimie umbali kutoka ukingoni. Wale waliovunjiwa na serikali Mkwajuni na Jangwani, bonde hilihili la Msimbazi, kuanzia Desemba 2015 wengi walikuwa na nyumba za miaka mingi, zenye umeme na maji ya bomba, na bado zilipakwa alama ya X.

Halafu uangalie mto wenyewe. Huku sehemu ya juu ya mto shida ya Msimbazi si kufurika peke yake, unahama. Kwenye kona, maji hupiga ukingo wa nje na kuuchimba kwa chini, udongo wa juu unaning'inia kisha unaporomoka kwa mkupuo. Ulongoni wanaujua vizuri, hata madaraja yao yalisombwa. Ukikuta ukingo umesimama wima kama ukuta, mizizi iko nje, na majirani wamepanga viroba vya mchanga au matairi, jua mita 60 za leo masika ijayo zinaweza kuwa 50. Kiwanja cha namna hiyo achana nacho hata kama unapewa kwa mkopo.

Ukiona umbali unaruhusu, ndipo uulize maji hufika wapi. Usimuulize muuzaji. Waulize wapangaji, mama lishe, fundi baiskeli, watu wasio na cha kupoteza ukiahirisha kununua. Tazama kuta za jirani: mstari wa tope, plasta iliyobabuka kwa usawa mmoja nyumba hadi nyumba, milango iliyojengewa tofali mpaka magotini. Tazama pia mifuko na matambara yaliyonasa kwenye michongoma. Hayo hayakupandishwa na upepo. Matete na magimbi yanayostawi kiangazi yanaonesha maji yako karibu chini. Na moramu mpya iliyomwagwa juu ya kiwanja kabla hakijauzwa ni sababu ya kuchimba uone inafunika nini.

Ukishapata mstari wa tope, uhamishie kwenye kiwanja chako. Chukua mpira mwembamba unaoonesha ndani, wa mita 20 au 30, uujaze maji na kuhakikisha hauna mapovu, kwa sababu povu moja linaharibu kipimo chote. Mmoja ashike ncha kwenye ukuta wa jirani, mwingine ashike ncha ya pili kwenye kigingi ulichokisimika kiwanjani. Ncha zote ziwe wazi. Mwenye ukuta apandishe au ashushe mpaka maji yatulie sawasawa na mstari wa tope, na pale yalipotulia upande wako ndipo mafuriko yaliyopita yalipofika. Piga alama. Sakafu yako inapaswa kuwa angalau sentimita 60 juu ya alama hiyo. Kama alama yenyewe imepita mita moja kutoka ardhini, kwangu hapo biashara imekwisha.

Piga hesabu uone kwa nini. Kuinua mita 400 za mraba kwa mita 1 ni kyubiki (mita za ujazo) 400 zilizoshindiliwa. Udongo uliolegea unapungua ukishindiliwa, hivyo utahitaji kama 500. Lori la kyubiki 7 litapiga tripu zaidi ya 70, na bado hujalipia ukuta wa kuzuia kifusi kisirudi bondeni. Jumlisha kwenye bei ya kiwanja, halafu ulinganishe na cha juu. Tena maji uliyoyanyima nafasi kwako yanaingia kwa jirani, na hapo kesi inaanza.

Kama alama iko chini, tuseme sentimita 30, inawezekana kujenga vizuri. Chimba shimo la mita moja na nusu, lilale usiku mmoja. Maji yakionekana, au ukikuta mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, mhandisi akuchoree msingi, usimwachie fundi akisie. Inua nyumba yenyewe badala ya kiwanja kizima. Msingi uende mpaka udongo mgumu, uwe na mkanda wa zege chini na mwingine chini ya jamvi (sakafu ya zege), na nguzo kwenye pembe zote. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo za mm 12 nne, ringi za mm 8 kila sentimita 20, na nondo zifunikwe kwa zege sentimita 5 kwa sehemu iliyo ardhini. Ndani ya msingi jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe. Wengi hujaza mchanga mtupu kwa sababu ni rahisi. Maji yakipata ufa yanaubeba kidogo kidogo, jamvi linabaki hewani, na siku moja sakafu inazama katikati ya chumba.

Choo ndicho husahaulika. Mfuniko wa karo (shimo la maji taka) uwe juu ya alama ya mafuriko, na weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la kutoka nyumbani, la sivyo uchafu unapandia bafuni. Kama karo ni tangi la plastiki, usilinyonye likabaki tupu katikati ya masika: maji ya ardhini hulisukuma juu, tani moja kwa kila kyubiki iliyo tupu, likang'oka na mabomba yake.

Fensi iachiwe matundu chini. Maji ya kina cha mita 1 upande mmoja yanausukuma kila mita ya ukuta kwa karibu nusu tani. Ukuta wa mita 20 unabeba tani 10 na tofali za inchi 5 haziwezi. Nyaya za umeme zishuke kutoka darini na soketi zikae mita 1.2 kutoka sakafuni.

Ukishapima, weka hapa umbali kutoka ukingoni, urefu wa alama ya maji na kina maji yalipotokea shimoni. Malipo ya mwanzo yasubiri mpaka hapo.